Ugali, mapupu na miguu inayopinda: mtoto wa mbwa alishwe nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Dodoma. Nina mbwa dume anaitwa Simba, ana miezi mitano, baba yake German Shepherd, mama yake mbwa wetu wa kawaida. Nilimchukua akiwa na wiki saba. Namlisha ugali wa dona na mapupu ya kuchemsha, na siku nikiwa na pesa namwongezea steki. Unga wake nanunua mashineni, wana wa bei nafuu wanaouita unga wa mbwa. Anakula vizuri na amenenepa, juzi nilimpima kwenye mizani ya nafaka, kilo 14. Lakini mwezi huu miguu ya mbele imeanza kupinda, na wiki iliyopita aliruka kutoka barazani akalia sana, mpaka leo anachechemea. Jirani anasema nimwanike juani asubuhi kama mtoto mwenye matege. Muuza dawa za mifugo anataka kumchoma sindano ya kalsiamu. Binamu yangu aliyeko Ujerumani anasema ugali ndio unaomuua, mbwa ni mbwa mwitu, ale nyama mbichi tu. Chakula cha mfuko siwezi kununua kila mwezi. Nimpe nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na lililonigusa ni pale uliposema anakula vizuri na amenenepa. Wengi wanaoniletea mbwa wenye miguu kama ya Simba si watu wasiojali. Ni watu wanaodamka kuwahi mapupu buchani na kusonga ugali wa mbwa kabla hawajapika chai yao wenyewe. Mbwa ameshiba kweli. Mifupa yake ndiyo yenye njaa.

Tuanze na mguu, maana huo hausubiri. Tangu leo Simba asiruke, asipande ngazi wala asicheze na mbwa wengine. Mtengee sehemu ndogo yenye sakafu isiyoteleza, umtoe kwa kamba akajisaidie, umrudishe. Ukimbeba, mkono mmoja upite chini ya kifua na mwingine chini ya matako, usimnyanyue kwa miguu ya mbele. Mtu asimkande wala asimfunge vijiti. Na tafadhali sana, usimpe dawa za maumivu za watu: diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake hata kwa kipimo kinachoonekana kidogo. Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo apigwe picha ya eksirei. Dodoma ukikosa eksirei ya wanyama, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro. Miguu ya mbele hupinda kwa sababu zaidi ya moja. Mbwa akiumia sehemu ya mfupa inayokua, mguu unaweza kupinda hata kama chakula chake hakina kasoro, kwa hiyo picha ndiyo itakayoamua. Ila kwa umri huo, mbegu hiyo na sufuria uliyonieleza, mimi nashuku chakula kabla ya kingine chochote.

Nikueleze kinachotokea ndani yake, kwa sababu ukikielewa hiki hutahitaji kumuuliza mtu kila unapotaka kubadilisha mboga.

Mbwa anayekua anahitaji kalsiamu nyingi mno kuliko watu wanavyodhani. Kwa kilo zake 14 na kasi ya kukua ya miezi mitano, Simba anahitaji karibu gramu 3 na nusu kwa siku. Sasa tazama anachopata. Gramu 100 za unga wa mahindi zina miligramu 7 hivi za kalsiamu. Gramu 100 za mapupu zina miligramu 10 hivi, na steki ni vilevile. Yaani angetaka kuipata kalsiamu yake kwenye steki peke yake, angekula zaidi ya kilo 30 kwa siku. Na tatizo halikomei hapo. Nyama na mahindi vina fosforasi tele, mara 20 au hata 30 ya kalsiamu iliyomo, wakati mwili wa mbwa unataka kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi kidogo, isifike zaidi ya mara mbili.

Mwili hauwezi kuiacha kalsiamu ya damu ishuke, kwa sababu moyo na misuli vinaitegemea kila sekunde. Shingoni kuna tezi nne ndogo zinazoilinda. Kalsiamu ikipungua kwenye chakula, tezi hizo zinaamuru ichotwe palipo na akiba, na akiba yenyewe ni mifupa. Kila siku kidogo. Mbwa anaendelea kunenepa na kuongezeka uzito, huku nguzo zinazobeba uzito huo zinachimbwa kwa ndani. Ndiyo maana steki uliyomwongezea kwa upendo haikusaidia: iliongeza fosforasi na uzito, kalsiamu ikabaki palepale.

Nimewahi kuiweka picha ya mtoto wa mbwa wa namna hii kwenye taa, mwenyewe amesimama kando yangu. Mfupa wenye afya huonekana mweupe kama chaki, na nyama ni kijivu. Kwenye picha ile mfupa na nyama vilikaribia kufanana rangi, na kuta za mfupa wa paja zilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Katikati palikuwa na mkunjo. Haukuwa umekatika, ulikuwa umekunjika, kama kijiti kibichi kinavyokunjika ukikipinda. Mbwa yule naye alikuwa ameruka kutoka barazani tu. Ndiyo maana nimeanza na kumpumzisha kabla ya kukuambia chochote kuhusu sufuria.

Habari njema ni kwamba kwa umri huu mifupa hujijaza upya. Chakula kikirekebishwa na mbwa akitulia, maumivu huanza kupungua mapema, na mifupa hupata ugumu ndani ya wiki kadhaa. Upinde mdogo mara nyingi hunyooka anavyoendelea kukua. Ulio mkubwa unaweza kubaki, na sitakuficha hilo.

Sasa ushauri wa majirani. Anayesema umwanike juani anakutakia mema, na kwa mtoto wa binadamu yuko sahihi. Ngozi ya mbwa haina uwezo huo. Mbwa hatengenezi vitamini D ya kumtosha kutokana na jua, hata akilala uani kutwa nzima kwenye jua la Dodoma. Lazima aile: kwenye samaki, kiini cha yai na maini kidogo.

Sindano ya kalsiamu ikatae. Ni dawa ya dharura, kwa mfano kwa jike anayenyonyesha akapata degedege kwa kupungukiwa kalsiamu, na huchomwa taratibu huku moyo unasikilizwa. Haijengi mfupa. Na vidonge vya kalsiamu navyo visitolewe kwa kukisia. Mtoto wa mbwa mdogo hana njia nzuri ya kuzuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na ikizidi kwa mbegu kubwa huharibu ukuaji wa mifupa na viungo vilevile. Kipimo chake ni kijiko, nitakufikisha hapo.

Kuhusu binamu yako. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwa mwitu (wolf, si hawa wa mbugani kwetu), wakakuta mbwa wamebeba nakala nyingi zaidi za kinasaba cha kusaga wanga. Mbwa alibadilika akiwa anakula mabaki ya wakulima kwa maelfu ya miaka. Ugali ulioiva vizuri anausaga bila shida, kwa hiyo ugali hauna hatia hapa. Hatia yake ni pale unapoachiwa kazi ya chakula kizima. Na hiyo nyama tupu anayoisifia, bila mfupa, ingempindisha Simba miguu haraka zaidi.

Nyama mbichi mimi siipendi hasa kwa mambo ya huku kwetu. Mapupu na maini ya mbuzi, kondoo na ng'ombe yanaweza kuwa na vifuko vya maji vya minyoo ya tegu. Mbwa akivila vibichi, tegu huanza kuishi utumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili, akawa anaangusha mayai kwenye kinyesi. Mtoto anayemkumbatia mbwa huyo na kula bila kunawa ndiye anayeota vifuko kwenye ini au mapafu, na mara nyingi hugundulika baada ya miaka. Kwa Waturkana wa Kenya na wafugaji wa Ngorongoro ugonjwa huu unajulikana vizuri. Wewe unachemsha, na uendelee hivyohivyo: kata vipande vidogo, chemsha zaidi ya nusu saa tangu maji yaanze kutokota. Ukifika kwa daktari, omba dawa ya minyoo inayoua na tegu, maana si zote zinawaua.

Kitu kilichonitia hofu zaidi kwenye barua yako ni hicho kinachoitwa unga wa mbwa. Uliza unatokana na nini. Mara nyingi ni mahindi yaliyokataliwa: yaliyotobolewa, yaliyolowa, yenye ukungu, au pumba zilizokaa chini ya mashine. Mahindi ya namna hiyo ndiyo makao ya sumukuvu. Wewe ni mtu wa Dodoma, huna haja ya kuhadithiwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu wapatao 20 katika mkoa wenu na Manyara. Kupika hakuiondoi. Mbwa ana ini jepesi kudhurika kuliko wanyama wengi, na Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa wapatao 100 walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa huanza kwa kukataa chakula, anatapika, kisha macho na fizi vinageuka njano, na wakati huo ini limeshaharibika sana. Usinunue tena unga huo hata wakikupa bure. Simba ale mahindi unayokula wewe.

Na kwa miezi hii michache ningependa apumzike dona. Kiini cha mbegu ya mahindi, kinachobaki kwenye dona, kina kitu kinachoshika madini tumboni, kalsiamu na zinki, yakapita bila kufyonzwa. Mbwa wanaolishwa dona na pumba kwa muda mrefu hufanya magamba mazito kuzunguka macho, mdomo na nyayo, watu wakadhani ni ukurutu. Chenga za mchele ni nafuu sokoni na zinamfaa. Sembe pia ni sawa.

Haya, sufuria. Kwa kilo 14, chakula cha siku nzima, ugawe mara tatu, ni hiki. Chukua gramu 100 za chenga za mchele kabla ya kupikwa, ambazo ni karibu nusu kikombe. Dagaa wakavu wa Mwanza gramu 60, kama viganja viwili. Nyama gramu 200 yenye mafuta kidogo, ambapo nusu yake inaweza kuwa mapupu unayoyapata sasa. Yai moja lililoiva. Kipande cha maini cha ukubwa wa vidole viwili, gramu 30 tu, usizidishe kwa kuwa vitamini A ya maini nayo hulimbikizana mwilini. Boga au karoti iliyopondwa, mkono mmoja. Mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula. Na unga wa maganda ya mayai, kijiko cha chai kimoja cha kusawazisha, kisijazwe kilima.

Hapo ana nguvu ya kilokalori 1,100 hadi 1,200, protini karibu gramu 90, na kalsiamu ile gramu 3 na nusu tuliyokuwa tunaitafuta. Nusu yake inatoka kwa dagaa na nusu kwenye ganda.

Dagaa ndio nguzo ya sufuria hii, kwa hiyo nisimame nao kidogo. Kalsiamu yao iko kwenye mifupa na vichwa. Usiwatoe vichwa kama unavyofanya ukiwapikia watu. Waoshe kwa maji mara tatu au nne mpaka mchanga uishe chini ya bakuli, kwani wengi huanikwa chini, kisha wachemshe na wali mpaka walainike. Wasiwe wa chumvi. Ukiwanusa wakiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha, warudishe.

Maganda ya mayai hayakugharimu kitu. Muuza chipsi mayai wa mtaani kwako hutupa ndoo nzima kila siku, muombe akuwekee. Yaoshe, yachemshe dakika 10, yaanike mpaka yakauke, yakaange kidogo kwenye kikaango kikavu, kisha uyatwange kwenye kinu na kuyachekecha. Chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi chembe zinakwaruza, rudisha kinuni. Unataka yawe kama unga wa ngano. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu na fosforasi kidogo sana, kwa hiyo linaziba pengo lile hasa lililoachwa na nyama. Maziwa hayawezi kazi hii. Ili afikishe kalsiamu ya siku angekunywa karibu lita tatu, na angeharisha muda mrefu kabla hajafika huko.

Mifupa iliyopikwa usimpe, hata kama kalsiamu iko humo. Wa kuku hupasuka kwa ncha kali, na mingine hukusanyika ikaziba utumbo. Nimetoa kwa mkono, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, kinyesi kilichogeuka simenti ya mifupa ya choma. Hakuna aliyefurahi siku ile, na mbwa kuliko wote.

Sufuria ya Simba ipikwe peke yake, isiwe mabaki ya mchuzi. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi au vimeiva, na mchuzi wetu hauwi mchuzi bila kitunguu. Mabaki ya pilau yenye zabibu kavu ni hatari zaidi. Zabibu huharibu figo, mbichi na kavu, na nyie mko kwenye mashamba yake, basi asizurure chini ya mizabibu wakati wa mavuno. Inaaminika sasa kwamba asidi ya tatariki ndiyo inayofanya madhara hayo, na asidi hiyohiyo imejaa kwenye ukwaju. Juisi ya ukwaju na mbegu zake zenye nyama visimfikie. Chokoleti najua haitamfikia, bei yake inamlinda.

Umesema chakula cha mfuko huwezi kila mwezi. Nikikuambia moyo wangu, kwa mbwa wa mbegu kubwa aliye chini ya mwaka mmoja ningependa apate hata nusu ya chakula chake humo, kama mifuko miwili mitatu inawezekana katika kipindi hiki cha kupona. Soma kama kimeandikwa kuwa ni kamili kwa watoto wa mbwa wanaokua, pamoja na wa mbegu kubwa. Cha mbwa wakubwa hakimfai. Nunua mfuko uliofungwa, kile cha kupima kutoka gunia lililo wazi mafuta yake huchacha na vitamini hupotea. Na siku akila nusu mfuko nusu sufuria, unga wa maganda nao ushuke uwe nusu kijiko. Akila mfuko peke yake, usiongeze kalsiamu kabisa.

Unene nao tuuguse, ingawa wewe umeutaja kwa furaha. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba: zikiwa hivyo, amezidi. Geuza mkono, gusa mgongo wa kiganja chako, mifupa inasikika chini ya ngozi bila kuitafuta: hapo ndipo Simba anatakiwa kuwa. Huko Marekani walifuatilia mbwa 48 wa mbegu ya Labrador maisha yao yote, na matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kwa mbwa mwenye mifupa dhaifu kila kilo isiyo ya lazima ni mzigo juu ya ufa, basi ukiona mbavu zinapotea, punguza wali na mafuta, dagaa na ganda viache.

Atakavyoongezeka uzito, ongeza sufuria nzima kwa pamoja, ukiongeza wali na nyama ongeza dagaa na ganda kwa kiasi kilekile. Akifika miezi sita unaweza kumgawia mara mbili kwa siku. Akishamaliza kukua, karibu mwaka na nusu, hitaji lake la kalsiamu litashuka zaidi ya nusu ukilinganisha na anachokula, na dagaa watakaribia kumtosha wenyewe. Wakati huo dona lako, la mahindi masafi, linaweza kurudi.

Badilisha chakula polepole kwa siku tano au sita, asije akaharisha. Mpime kwenye mizani ileile ya nafaka kila Jumamosi asubuhi kabla hajala, uandike ukutani. Ukiniandikia tena niambie uzito wa wiki mbili hizi, daktari amesema nini kuhusu picha, na kama Simba anaamka asubuhi bila kulia.